Kiungo Kigeni na Kumbukumbu za Seli T

Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Manning, Reed na Shaffer, walitoa taarifa ya panya vipara waliobeba ngozi za viumbe wengine mwilini mwao. Ngozi hizo hazikuwa za panya wenzao. Zilitoka kwa mamalia wa aina nyingine, kwa ndege, kwa watambaazi, hata kwa chura. Ngozi ya kuku iliendelea kuota manyoya ya kuku juu ya mgongo wa panya. Panya wa kawaida huikausha na kuidondosha ngozi ya panya mwenzake wa ukoo mwingine katika muda wa wiki mbili hivi. Hawa walikaa na ngozi ya kuku kana kwamba walizaliwa nayo.

Kasoro yao ni ya kurithi. Panya wa namna hii walizuka Glasgow mwaka 1962, na mwaka 1968 Pantelouris akaonyesha kwamba, mbali na kukosa manyoya, hawana thaimasi, tezi ndogo iliyo kifuani juu ya moyo ambamo seli T hukomaa. Askari wengine wa kinga wanao. Seli B zipo, seli zinazomeza vijidudu zipo, na zile zinazoua bila kusubiri mafunzo zipo pia. Zisizokuwepo ni seli T, na pengo hilo moja linatosha kumfanya panya ashindwe kumtambua kuku.

Kwa ushahidi wa namna hii vitabu vingi vya kiada hufunga mjadala mapema: seli T ndizo zinazokataa kiungo, basi. Ni kweli, lakini jibu hilo halimsaidii mtu anayetaka kujua kwa nini moyo uliopandikizwa ndani ya panya hufa siku ya nane ilhali ini kutoka ukoo ule ule linaishi, au kwa nini dawa iliyowafaa panya maabara nzima iligoma ilipofika kwa binadamu. Nionavyo mimi, miaka themanini ya kazi hii imetupa jibu lenye masharti. Seli T hukataa kiungo kwa kadiri ya mahali ilipokutana nacho, ya seli nyingine ilizozikuta hapo, na zaidi ya yote ya maisha iliyoyapitia kabla kiungo hakijafika. Sharti hili la mwisho ndilo lililochelewa kuonekana, na lilichelewa kwa sababu ya panya wenyewe.

Habari inaanza Glasgow pia, ingawa kwa binadamu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Thomas Gibson na Peter Medawar walimhudumia mwanamke aliyeungua vibaya, wakampachika vipande vya ngozi ya kaka yake. Vilishika, kisha vikaharibika. Walipopachika vipande vingine kutoka kwa kaka yule yule, havikudumu hata muda ule wa kwanza. Taarifa yao ya mwaka 1943 ilisema jambo ambalo leo tunaliona la kawaida: mwili ulikuwa umejifunza. Jeraha halijifunzi na sumu haijifunzi; kinachoongeza kasi mara ya pili ni kinga. Medawar alikwenda kuthibitisha hilo kwa sungura, halafu akahamia kwa panya, na hapo ndipo uwanja wote ulipohamia pamoja naye.

Sababu ya kuhamia kwa panya ni nasaba. Ukiwazalisha panya ndugu kwa ndugu vizazi 20 au zaidi, unapata ukoo ambao wanachama wake wanafanana vinasaba kama mapacha wa yai moja. Ngozi ikihamishwa ndani ya ukoo hushika milele. Ikivuka kwenda ukoo mwingine hukataliwa. Tofauti ya matokeo hayo mawili inaweza kufuatiliwa jeni kwa jeni, na ndivyo alivyofanya George Snell katika maabara ya Jackson, Bar Harbor, jimbo la Maine. Aliwazalisha panya waliofanana kila kitu isipokuwa kipande kimoja kidogo cha kromosomu. Peter Gorer, akiwa London, alikuwa ameshaona katikati ya miaka ya 1930 kwamba panya wanaokataa uvimbe uliopandikizwa hutengeneza kingamwili dhidi ya alama fulani ya damu, aliyoipa namba II. Kazi zao zilipokutana mwaka 1948, kipande cha Snell na alama ya Gorer vikawa kitu kimoja, kikaitwa H-2. Snell alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Gorer alikuwa amefariki tangu 1961. Kwa binadamu eneo linalolingana na hilo ndilo HLA, ambalo madaktari hulipima kabla ya kumpa mtu figo la mwingine.

Lakini kujua alama hakukuwa sawa na kumjua anayezisoma. Wengi walidhani kazi hiyo ni ya kingamwili zinazoelea kwenye damu, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zikipimika. Katikati ya miaka ya 1950 Avrion Mitchison alichukua majimaji ya damu ya panya waliokwisha kukataa tishu ngeni na kuyahamishia kwa panya wapya: uwezo wa kukataa haraka haukuhama. Alipohamisha seli za tezi limfu, uwezo ulihama nazo. Mwaka 1953 Billingham, Brent na Medawar walikuwa wameshalifikia jambo hilo kwa mlango wa nyuma. Waliwadunga seli za ukoo A panya wa ukoo CBA wakiwa bado tumboni mwa mama. Baadhi yao walipokua walipokea ngozi ya ukoo A bila vita. Kisha, na hii ndiyo sehemu inayosahaulika, waliwapa panya hao wavumilivu seli za limfu kutoka kwa CBA wa kawaida, na ngozi iliyokuwa imestawi ikaporomoka. Ngozi ilikuwa ngeni muda wote. Kilichokuwa kimepungua ni seli za kuukabili ugeni huo.

Seli zipi? Jacques Miller alilijibu hilo mwaka 1961 akiwa London, akichunguza jambo jingine kabisa, saratani ya damu inayoletwa na kirusi kwa panya. Aliwatoa thaimasi panya waliozaliwa siku hiyo hiyo. Walipokua walikuwa na limfosaiti chache, waliugua ovyo, na walipokea ngozi za koo nyingine, hata za panya wakubwa wa jamii tofauti kabisa. Hadi wakati huo thaimasi ilihesabiwa kuwa tezi isiyo na kazi ya maana, na Medawar mwenyewe, bingwa wa somo hili, hakushawishika upesi. Mwaka 1968, akiwa Melbourne, Miller na mwanafunzi wake Graham Mitchell walionyesha kwamba limfosaiti ni makundi mawili, moja la thaimasi na jingine la uboho. Ndiyo T na B tunazozisema leo.

Tukifika hapa linazuka fumbo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zuri kuliko yote katika somo hili. Seli T za panya ambaye hajawahi kukutana na panya wa ukoo mwingine zinajuaje kumkataa? Ukizihesabu seli T zinazoitambua antijeni moja ya kijidudu ambacho panya hajawahi kuugua, utapata kama moja katika laki moja, pengine pungufu. Ukihesabu zinazozijibu molekuli za H-2 za ukoo mwingine, unapata kati ya 1 na 10 katika kila 100. Hakuna kijidudu kinachoamsha jeshi kubwa kiasi hicho kwa mpigo.

Jibu limo katika malezi. Thaimasi ni jando la seli T: kila moja hupimwa kama inaweza kushikamana, kwa wastani tu, na molekuli za H-2 za mwili wake, kwa sababu kazi yake ya maisha itakuwa kusoma vipande vya protini vinavyoonyeshwa juu ya molekuli hizo. Isiyoshika kabisa hufa, inayoshika kwa nguvu mno hufa pia, na zaidi ya tisa katika kila kumi hazitoki. Zinazotoka ni zile zenye mwelekeo wa kuigusa H-2 ya aina yoyote, lakini zimechujwa dhidi ya ile ya nyumbani tu. Dhidi ya H-2 ya jirani hakuna aliyezichuja. Kiungo kigeni kinapoingia, seli T zinakuta molekuli zinazofanana na zilizozoea kuzigusa, zikiwa zimebeba maelfu ya vipande visivyojulikana, na zile zinazovutwa kupita kiasi hazikuondolewa. Ukatili wa kukataa kiungo ni zao la mpango uliotengenezwa kwa ajili ya virusi.

Njia hiyo ya kukutana ana kwa ana na molekuli za mtoaji huitwa ya moja kwa moja. Inategemea sana seli dendritiki, zile zinazozionyesha seli T vipande vya protini, zilizosafiri ndani ya kiungo kama abiria, zikatoka humo na kwenda kwenye tezi limfu za mpokeaji. Abiria hao hufa baada ya wiki chache. Njia ya pili haimaliziki: seli za mpokeaji mwenyewe humeza mabaki ya kiungo, huyakata vipande, na kuyaonyesha juu ya molekuli zao. Mwaka 1993 Hugh Auchincloss na wenzake Boston walitumia ngozi ya panya walioondolewa molekuli za H-2 za daraja la pili, zile zinazosomwa na seli T saidizi, na ngozi ikakataliwa vilevile kwa njia hii ya kuzunguka. Siku hizi inajulikana pia njia ya kati, ambapo seli za mpokeaji hujivika molekuli nzima za mtoaji kama zilivyo. Kwa mgonjwa aliyeishi na figo la mtu mwingine miaka kumi, abiria walikwisha zamani. Vita vya polepole vinavyoziba mishipa ya damu ya figo hilo vinaendeshwa zaidi na njia ya pili.

Watu hupenda kuwagawa wahusika mara mbili: seli T saidizi zenye alama ya CD4, na seli T ziuazo zenye alama ya CD8. Anayesikia majina hayo atadhani CD8 ndiye mkosaji mkuu, maana ndiye anayetoboa seli kwa protini iitwayo paforini na kuingiza kimeng'enya cha gransaimu. Majaribio ya moyo yanasema tofauti. Tangu Corry, Winn na Russell walipoeleza mbinu yao mwaka 1973, moyo wa mtoaji hushonwa tumboni mwa panya kwenye mishipa yake mikubwa, moyo wake mwenyewe ukiendelea na kazi kifuani, na mtafiti hupapasa tumbo kila siku kusikia kama ule wa pili bado unadunda. Moyo wa panya wa ukoo wa BALB/c ndani ya panya wa ukoo wa C57BL/6 huzimika katika siku saba hadi kumi. Ukimnyang'anya mpokeaji seli za CD4, mara nyingi moyo unadumu muda mrefu sana. Ukimnyang'anya CD8 pekee, unakataliwa karibu kama kawaida. CD4 ndiye anayezipa CD8 nguvu, anayezisaidia seli B kutengeneza kingamwili, anayeita makrofaji kwa kemikali za mawasiliano kama intaferoni gama. Mwuaji ana kisu, lakini anayepanga safari ni mwingine.

Mgawanyo huo nao usichukuliwe kuwa sheria. Mwaka 1955 Eichwald na Silmser waligundua kwamba panya jike wa C57BL/6 huikataa ngozi ya dume wa ukoo wake mwenyewe, ingawa tofauti pekee ni kromosomu Y. Majike wa CBA, walio na H-2 nyingine, wengi wao huipokea ngozi ya madume wao. Protini za dume ni zile zile. Kinachotofautiana ni kama H-2 ya jike inaweza kuvishika vipande vyake na kuvionyesha kwa seli T zake. Mkataaji anaweza kushindwa kwa kukosa tu wa kumwonyesha.

Halafu kuna suala la mahali. Mwaka 2000 Fadi Lakkis na wenzake walitumia panya waliozaliwa bila tezi limfu, wakawaondoa na wengu. Seli T walikuwa nazo nyingi tu. Moyo mgeni ulipopandikizwa, ulidumu bila dawa. Seli T ambazo hazijawahi kupigana zinahitaji mahali pa kukutania na seli dendritiki, na pasipokuwepo mahali hapo, kiungo kigeni kinapita bila kujulikana. Miaka miwili baadaye maabara hiyo hiyo ilirudia jaribio kwa tofauti moja: walitumia seli T za kumbukumbu, zilizokwisha kuonja tishu za mtoaji huyo zamani. Hizi hazikuhitaji tezi wala wengu. Zilikwenda moja kwa moja kwenye moyo na kuuharibu. Kama ningetakiwa kuchagua majaribio mawili tu ya kumfundisha mwanafunzi somo hili zima, ningechukua hayo.

Kiungo chenyewe nacho kina sauti. Ngozi ndiyo ngumu kuliko yote kukubaliwa, na tiba inayolinda moyo wa panya kwa miezi mingi hushindwa kulinda ngozi ya mtoaji yule yule. Ini liko upande mwingine kabisa. Mwaka 1994 kundi la Pittsburgh lilionyesha kwamba maini yaliyovuka mpaka wa H-2 kati ya koo za panya hukubaliwa mara nyingi bila dawa yoyote, na panya aliyepokea ini anaweza baadaye kupokea ngozi ya mtoaji huyo. Seli T huingia ndani ya ini hilo kwa wingi, hazipuuzi. Zinaingia, zinaamshwa, kisha nyingi zinafia humo. Figo liko katikati: katika baadhi ya jozi za koo hukubaliwa lenyewe, na ndani yake huota vikundi vya seli T dhibiti kuzunguka mishipa. Watafiti wa Boston walipoziondoa seli hizo dhibiti mwaka 2011, figo lililokuwa limekubaliwa likakataliwa.

Seli T dhibiti zinastahili kusimuliwa zaidi, hasa baada ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025 kwenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi. Jaribio la Sakaguchi la 1995 lilirudi kwa panya vipara wale wale. Aliwapa seli T za CD4 zilizoondolewa kikundi kidogo chenye alama ya CD25, nao wakapata magonjwa ambamo kinga hushambulia mwili wake. Kinachotajwa mara chache ni kwamba panya hao waliikataa pia ngozi ngeni kwa ukali zaidi, na kurudisha kikundi kile kulipunguza ukali huo. Yaani katika kila panya anayekataa kiungo kuna seli T zinazovuta upande wa pili. Kiungo hupona au hufa kulingana na mizani ya makundi mawili ya seli T, na kuzifuta zote kunafuta hata wale wanaokusaidia. Herman Waldmann, kwa kutumia kingamwili dhidi ya CD4, alionyesha mwaka 1993 kwamba panya aliyefunzwa uvumilivu anaweza kuuambukiza: seli T zake hufundisha seli T mpya zinazoingizwa nazo zikawa na uvumilivu.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mambo yalionekana kama yamekwisha. Seli T inahitaji ishara mbili ili iamke: ya kwanza ni kukigusa kipande cha protini, ya pili ni mkono wa CD28 kushikana na B7 kwenye seli inayoonyesha. Mwaka 1996 Christian Larsen na wenzake Atlanta walizuia ishara ya pili na ile ya alama iitwayo CD154 kwa pamoja, na panya wakakaa na mioyo hata ngozi ngeni kwa muda mrefu. Ukizipitia ripoti za miaka ile unakuta uvumilivu wa panya umepatikana kwa njia nyingi mno. Kwa nini basi mgonjwa aliyepandikizwa figo Muhimbili, ambako upandikizaji wa kwanza ulifanyika Novemba 2017, au Dodoma katika Hospitali ya Benjamin Mkapa ulikofuata 2018, bado anameza takrolimasi asubuhi na jioni maisha yake yote? Takrolimasi ilipatikana Japani mwaka 1984. Inazima uzalishaji wa intaleukini 2 ndani ya seli T, bila kuchagua ni seli T ipi, na ikizidi huliumiza figo lile lile linalolindwa.

Maelezo ya kwanza ni madhara ya kawaida ya dawa: kingamwili dhidi ya CD154 ilipojaribiwa kwa binadamu ilisababisha damu kuganda, kwa kuwa alama hiyo iko pia kwenye chembe sahani. Hilo lilirekebishika, na katika upandikizaji wa figo la nguruwe uliofanyika Boston Machi 2024, mgonjwa alipewa kizazi kipya cha kingamwili hiyo. Kizuizi cha CD28 kilikwenda mbali zaidi. Dawa yake, belatasepti, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Wagonjwa wake walipata mashambulizi ya mapema ya kukataliwa kwa wingi kuliko waliotumia dawa ya saiklosporini, lakini figo zao zilifanya kazi vizuri zaidi, na baada ya miaka saba hatari ya kufa au kupoteza figo ilikuwa imepungua kwa asilimia 43. Matokeo hayo yanachanganya, na hayakuwepo kwa panya. Yalitoka wapi mashambulizi yale ya mapema?

Yalitoka kwa kumbukumbu. Seli T iliyokwisha kupigana haihitaji ishara ya pili kama ile ambayo haijapigana. Panya wa maabara ana umri wa wiki nane hadi kumi na mbili, amelala juu ya matandiko yaliyochemshwa, amekula chakula kilichochemshwa, na vimelea vyote vinavyojulikana vimezuiwa mlangoni. Karibu seli T zake zote hazijawahi kupigana. Mwaka 2016 kundi la David Masopust huko Minnesota lililinganisha panya hao na panya walionunuliwa madukani na wa mwituni. Kinga ya panya wa maabara ilifanana na ya kitoto kichanga cha binadamu. Ya panya wachafu ilifanana na ya mtu mzima. Kuwaweka tu katika tundu moja na panya wa dukani kuliibadilisha kinga ya wale safi.

Kwa wapandikizaji onyo lilikuwa limeshatolewa. Mwaka 2003 Andrew Adams na wenzake waliwaambukiza panya virusi kadhaa mfululizo, wakasubiri wapone, halafu wakajaribu kuwafunza uvumilivu kwa njia iliyokuwa ikifanikiwa daima. Walioambukizwa mara nyingi waligoma. Baadhi ya seli T zilizobaki kama kumbukumbu za kirusi zilikuwa, kwa bahati ya umbo, zinazitambua pia molekuli za mtoaji. Si ajabu ya panya peke yao: mojawapo ya seli T za binadamu zinazopambana na kirusi cha Epstein-Barr kwa mtu mwenye HLA-B8 huishambulia HLA-B44 ya mtu mwingine kana kwamba ni kirusi chenyewe. Hata kuzifyeka seli T kabla ya upandikizaji, mbinu ambayo hospitali nyingi hutumia, kuna upande wake mchungu. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwa panya kwamba seli chache zinazosalia huzaana kuziba pengo, na katika kuzaana huko huchukua tabia za seli za kumbukumbu.

Nikisema hivi sitaki kuigeuza kumbukumbu kuwa adui wa kila mahali, maana pafu linakanusha hilo. Mwaka 2014 watafiti wa St. Louis waligundua kwamba ili panya aliyetibiwa kwa kuzuia ishara ya pili alipokee pafu geni, anazihitaji seli za CD8 za kumbukumbu. Zikiondolewa, pafu linakufa. Tiba ile ile, seli zile zile, na moyo ungefurahia zikiondolewa. Wala uvumilivu ukishapatikana si mali ya kudumu. Maria-Luisa Alegre na Anita Chong huko Chicago waliwaambukiza bakteria aina ya Listeria panya waliokuwa wameishi kwa amani na moyo mgeni, na moyo ukakataliwa. Kisha, maambukizi yalipopita, walimpandikiza panya yule yule moyo mwingine wa mtoaji wa ukoo ule ule. Safari hii ukakubaliwa. Uvumilivu ulikuwa umezimwa kwa muda, haukuwa umekufa.

Njia iliyovuka vizuri zaidi kutoka kwa panya hadi kwa binadamu ndiyo ya zamani kuliko zote, wazo la Medawar la mwaka 1953 likiwa limevaa nguo nyingine. Ildstad na Sachs walichanganya mwaka 1984 uboho wa koo mbili ndani ya panya mmoja. Seli T mpya zilizolelewa humo zilichujwa dhidi ya H-2 za koo zote mbili. Mwaka 2008 hospitali ya Massachusetts General ilitangaza kwamba wagonjwa watano walipewa figo na uboho wa mtoaji ambaye HLA zake hazikulingana na zao, na wanne kati yao waliacha dawa. Nadhani imefaulu kwa sababu haibishani na seli T wazee. Inawaondoa kwa wingi na kulea wengine. Gharama yake ni tiba kali ya maandalizi ambayo si kila mgonjwa ataistahimili. Seli T dhibiti zilizokuzwa maabara na kurudishwa kwa mgonjwa nazo zimejaribiwa kwa wapokeaji wa figo, na matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa ni salama. Kuwa salama ni hatua ya mwanzo, na kuna wanaoitangaza kama ya mwisho.

Kwa eneo letu swali la kumbukumbu lina uzito wake. Mtu mzima wa Afrika Mashariki anayefika kwenye meza ya upandikizaji huenda ameshapambana na malaria mara nyingi, na karibu kila mmoja anacho kirusi cha Epstein-Barr na saitomegalo tangu utotoni. Belatasepti hairuhusiwi kwa asiye na Epstein-Barr, kwa hofu ya saratani ya limfu, na sharti hilo wengi wetu tunalitimiza bila jasho. Lakini maambukizi hayo hayo ndiyo yanayojaza mwili seli T za kumbukumbu, zile ambazo dawa hii inazishika kwa shida kuliko zote. Ni makisio yangu kutokana na panya. Jaribio linalofaa kuyapima halihitaji panya kipara wala panya safi. Linahitaji panya aliyelelewa kichafu, aliyeugua na kupona mara kadhaa, kisha apewe figo na dawa ileile, na ripoti itaje alichowahi kuugua kwa uangalifu ule ule inaotaja ukoo wake.